Maswali na majibu: umeme wa ziada mkataba unauhesabuje?

Barua za mara hii karibu zote zina neno moja, ziada. Na karibu zote zimeandikwa mtambo ukiwa umeshafungwa, wakati mkataba ulipaswa kusomwa kwanza.

Nimefunga paneli 20 za wati 550 kwenye gesti yangu Riat, Kisumu. Kenya Power wataanza kunilipa lini?

Hawatakulipa pesa, mama. Swali hili nimelijibu mara nyingi na linarudi vile vile, kwa sababu mafundi wanauza paneli kwa ahadi ya hundi ya kila mwezi. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Kawi ya 2019 kinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa kubadilishana umeme na msambazaji. Kanuni za 2024 ziliweka kipimo: yuniti moja unayosukuma nje inakurudishia nusu, na hiyo nusu inakatwa kwenye unachotumia. Mwaka wa fedha ukifungwa, akiba iliyobaki inafutika.

Fanya hesabu. Kwa jua la Kisumu, paneli zako zitatoa takriban yuniti 45 kwa siku. Tuseme mchana unatumia 15 na usiku 8. Unasukuma nje 30 kwa siku, yaani 900 kwa mwezi, na unaandikiwa 450. Usiku wako wa mwezi mzima ni yuniti 240. Zile 210 zinazobaki zinarundikana hadi zifutwe. Paneli 14 zingekutosha. Sita za juu umewanunulia majirani.

Na kama hujatia sahihi mkataba wowote, hata hiyo nusu huna. Unasukuma bure.

Tangu niweke sola nyumbani Njoro, tokeni zinaisha haraka kuliko zamani. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Mita nyingi za tokeni hazijui umeme unaelekea wapi. Unaoingia na unaotoka zote huzihesabu kama matumizi. Saa sita mchana jua likiwaka, unasukuma nje na tokeni zako zinaliwa.

Pima hivi. Adhuhuri yenye jua kali, zima kila kitu ndani ila inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani), kisha tazama ile taa ndogo nyekundu ya mita. Ikizidi kupepesa, umeme unatoka. Sasa zima inveta. Taa ikitulia, jibu umelipata. Mwambie fundi aweke inveta isitoe umeme nje kabisa. Kihisi chake, kinachosoma umeme unaelekea wapi, kifungwe kwenye waya wa moto mara tu baada ya mita, kabla waya haujagawanyika kwenda popote, na mshale wake uelekee kama kitabu cha inveta kinavyoonyesha. Kihisi kikigeuzwa, inveta inasoma kinyume na kusukuma zaidi. Kosa hili ni la kawaida mno, na fundi huwa keshaondoka.

Mita ya pande mbili utaitambua kwenye kioo: 1.8.0 ni ulichochukua, 2.8.0 ni ulichotoa. Piga picha namba zote mbili siku inapofungwa.

Naweza kumuuzia jirani ziada yangu kwa kupitisha waya juu ya ua?

Bila leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, hapana.

Kiwanda chetu cha majani chai, Nandi, kina mtambo mdogo wa maji. Mkataba unasema kilowati 500. Mvua ya Aprili na Mei ilitufikisha 560. Ziada italipwa?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Kwanza acheni kuchanganya kilowati na yuniti; kwenye barua yenu mmezichanganya mara tatu. Kilowati ni kasi, yuniti ni kiasi. Mkataba unaweza kuweka kikomo kwenye kasi kwa kila nusu saa, au kwenye kiasi cha mwezi au mwaka. Kikomo kikiwa cha mwaka, mvua ya Mei itafidia ukame wa Februari. Kikiwa cha nusu saa, Februari haiwasaidii kitu.

Kilowati 60 za ziada kwa saa 24 ni yuniti 1,440. Kwa bei ya sera ya serikali ya 2012 ya mitambo ya maji ya megawati 0.5 (yaani kilowati 500), senti 10.5 za dola, hizo ni dola 151 kwa siku. Mkataba ukisema ziada inalipwa nusu bei, mna dola 75. Ukinyamaza, panga bajeti yenu kwa sifuri. Msidhani mita ikisoma mtalipwa: mita inapima, mkataba ndio unaolipa.

Tazameni pia mita iko upande gani wa transfoma. Ikiwa upande wa kilovolti 11, kinachopotea ndani ya transfoma ni hasara yenu. Na kama transfoma yenyewe ni ya kVA 630, kwa pawafakta ya 0.9 (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) mwisho wake ni kilowati 567. Mlikuwa mmeifikisha ukingoni mkitafuta malipo ambayo hamjayathibitisha. Kabla ya mvua nyingine, ombeni idhini ya maandishi ya kuzidisha, toeni rekodi za nusu saa za mita kuu na ile ya kukagua, na pande zote mbili zitie sahihi siku hiyo hiyo. Kuongeza uwezo moja kwa moja kunadai marekebisho ya mkataba, na hayo hupita EPRA.

Kwa nini Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, wanaachilia mvuke usiku na sisi bili zinapanda?

Usiku matumizi hushuka, na kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba. Joto likipanda na kushuka linaharibu mabomba yake. Kwa upande wa mikataba, mitambo mingi hulipwa kwa kuwa tayari, hata isipoitwa, na malipo hayo huishia kwenye bili zenu. Ya upepo mara nyingi hulipwa umeme ambao ungezalishwa kama mnunuzi angeupokea. Mitambo ya upepo ya Lake Turkana, megawati 310, ilidai malipo ya namna hiyo kabla laini ya umeme ya kwenda Suswa haijakamilika mwaka 2018. Mwenye kiwanda aulize bei nafuu ya usiku, iliyoanza Desemba 2017 kwa wateja wa viwandani, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ila ilipoanza, mteja alilazimika kwanza kufikisha kiwango chake cha kawaida cha matumizi.

Tunafikiria kuuza umeme wa makapi ya miwa, Muhoroni. Tuahidi megawati ngapi?

Ahidini kile ambacho miwa ya mwaka mbaya inaweza kuwasha. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza mwaka 2009 na mtambo wa megawati 34, kikiahidi 26 kwa gridi. Miwa ilipokosekana, makapi yalikosekana, na ahadi ilibaki pale pale. Ahadi ndogo yenye kifungu cha bei ya ziada ni bora kuliko ahadi kubwa yenye faini. Umeme wa majaribio, kabla ya tarehe rasmi ya kuanza biashara, uandikiwe bei yake peke yake. Majaribio ya boila yakichelewa miezi minne, mtakuwa mmechoma makapi ya msimu mzima bila ankara hata moja.