Mliopewa timu juzi, msirudie nililofanya mimi

Wiki hii nimemsikia supavaiza mpya anamjibu kijana wa timu yake aliyeomba kozi "tukikusomesha si utaondoka?" nikashtuka, maana jibu hilohilo nililitoa mimi mwaka wangu wa kwanza kuongoza watu. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Bajeti ya mafunzo isiwe ya kwanza kukatwa. Nilikuwa na dada mmoja anashika mishahara ya kampuni nzima, miaka minne hajachelewesha hata mara moja, akaniomba kozi fupi ya sistimu mpya na nyongeza kidogo, nikamwambia asubiri mwakani, mwakani ukafika nikamwambia asubiri tena. Hakugombana na mtu. Akaleta barua, akaaga vizuri, akaondoka. Ndo nikagundua yeye peke yake alijua makato yapi yanahakikiwa kwa mkono, nani ana mkopo unaoisha lini, fomula ipi kwenye Excel hugoma, na hakuna mahali tuliandika. Mwezi uliofuata mishahara ilichelewa siku tisa. Watu wananipigia usiku, wana kodi, wana ada za watoto, mi sina la kuwaambia. Tukatangaza nafasi, tukafanya usaili, aliyekuja tukamlipa kuzidi alichoomba yule dada, halafu tukampeleka kozi ileile niliyoikataa! Sijawahi kumpigia dada yule kumuomba radhi na linaniuma mpaka leo.

2. Pigeni hesabu ya mtu kuondoka, sio ya mshahara wake tu. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kule Marekani kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kibaki na kama 14,000, yaani wanaingia huku wanatokea kule, kazi yenyewe inachosha. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya malipo ya zamani, na saa za kazi zikashuka toka 9 hadi 8. Wanaoacha kazi wakapungua sana.

3. Akirudi kozi mpe kazi inayotumia alichosoma, wiki hiyohiyo.

4. Ongea naye kabla hajaandika barua. Siku ya mwisho atakwambia "nimepata nafasi nzuri" na hutapata zaidi ya hapo, hata yule dada ndo alichoniambia.

Na wewe uliyetoa lile jibu, kijana bado yupo. Kesho asubuhi muite, muulize ni kozi gani.