Msahafu umechomwa ugenini, je, tuchome bendera yao?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara. Vijana wenzangu msikitini wameitazama tena video ya Msahafu ukichomwa Uswidi, wakaenda kwa fundi cherehani kushonesha bendera ya nchi ile, waichome Ijumaa baada ya swala. Nilipokataa, wakanikejeli: "Wewe kila asubuhi unasimama wima mbele ya bendera shuleni, hiyo ni shirki, kumshirikisha Mungu, ndiyo maana hata ya makafiri unaiogopa." Naomba hukumu ya yote mawili.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

La shirki ni jepesi, tulimalize. Bendera ikipandishwa hurukuu, husujudu, wala huombi dua kwa kitambaa. Wapo wanazuoni wanaochukia kuipigia bendera saluti, nami siwabezi, lakini kumwita Muislamu mshirikina kwa kusimama ni kauli nzito ya watu wenye ndimi nyepesi. Katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Zayd bin Haritha aliuawa akiwa na bendera. Akaipokea Jaafar bin Abi Talib. Mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto. Nao ukakatwa, akaikumbatia kwa vigutu mpaka akafa shahidi. Akaichukua Abdullah bin Rawaha, naye akauawa, kisha Khalid bin Walid. Nani kati ya Waislamu alisema Jaafar aliabudu nguo?

Sasa la kuchoma. Moto peke yake si tusi. Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, aliamuru nakala nyingine za Qur'ani zichomwe ili umma usifarakane, na hapakuwa na dharau ndani yake. Marekani nako, kanuni zao zinasema bendera iliyochakaa iteketezwe kwa heshima, ikiwezekana kwa moto. Na Mahakama yao ya Juu kabisa mwaka 1989, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba anayeichoma kwa kupinga serikali naye asiadhibiwe. Moto uleule, nia mbili. Nia ya vijana wenu iko wazi: ni kutukana. Basi wanamtukana nani?

Aliyechoma Msahafu nje ya msikiti wa Stockholm tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idi ya kuchinja, alikuwa mhamiaji kutoka Iraki. Bendera ile hata si ya kwao! Na chini ya bendera hiyohiyo wanaishi Waislamu wengi, wakiwemo waliokuwa wakitoka kuswali Idi asubuhi ile. Suratul An-aam, aya ya 164, inatuambia mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine.

Tena tazameni kilichomo. Bendera ya Uswidi ni ya bluu yenye msalaba wa njano. Ikiwaka hapa Mtwara, Stockholm haufiki hata moshi. Atakayeumia ni jirani yenu Mkristo aliyetoka Masasi au Ndanda, mnayezikana naye na kualikana harusini. Katika sura hiyohiyo, aya ya 108, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatukana wanaoombwa badala Yake, wasije wenyewe wakamtukana Yeye kwa uadui bila ya kujua. Bendera ya Saudia imeandikwa shahada, kauli kwamba hapana mungu ila Allah na Muhammad ni Mtume wake, na kwa ajili hiyo haishushwi nusu mlingoti hata ukitokea msiba. Mtu akijibu moto wenu kwa kuichoma hiyo, mlango mtakuwa mmeufungua ninyi.

Kwa hiyo haifai, na ukiongeza israfu ya kitambaa, haifai mara mbili. Hasira juu ya Msahafu ni katika imani, siizimi. Ila ipelekeni panapofaa: Denmark, ambako nako Misahafu ilichomwa, Bunge lilipitisha mwezi Desemba 2023 sheria ya kukataza kuvidhalilisha vitabu vitakatifu hadharani, baada ya nchi za Kiislamu kulalamika kwa barua na mabalozi.

Bendera iliyokwisha shonwa ifumueni, kitambaa kipelekeni madrasa, hakikosi kazi. Na fundi alipwe ujira wake wote hata kama haitachomwa, kwani yeye kazi ameifanya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho halijakauka. Asiambiwe asubiri mpaka Ijumaa.

Wallahu aalam.