Tuunde mamlaka mpya ya kusimamia mashirika ya hisani?

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwaka jana akina mama tulichangia kituo cha watoto yatima kilichokuwa huku Ilemela. Walikuja na picha za watoto na fulana zenye nembo. Sasa nyumba imefungwa, simu haipokelewi, na majirani wanasema watoto walirudishwa kwa ndugu zao. Kijana wangu aliye chuoni anasema serikali iunde mamlaka huru ya kusimamia mashirika haya. Ndiyo dawa?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii Magu na Ukerewe mpaka nikastaafu, nami nakujibu kwa niliyoyaona mezani kwangu.

Msajili tunaye tayari. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, ilimweka, na yuko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Wasaidizi wake wako mikoani na katika halmashauri. Kila shirika linatakiwa kutoa taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Shida ni nani anazisoma. Niliwahi kuletewa risiti za maduka matatu, la unga, la magodoro na la dawa, zote mwandiko mmoja na namba zinazofuatana, ilhali tarehe zimepishana kwa miezi. Niliziona kwa sababu nilizikunjua moja moja. Afisa mwenye pikipiki isiyo na mafuta na mashirika ya visiwani ya kukagua hazikunjui. Ukimpa kofia ya mamlaka huru bila nauli ya kwenda kisiwa cha Ukara, bado hatafika.

Kijana wako ana hoja, lakini. Anayeweza kulifuta shirika asiwe chini ya waziri ambaye shirika hilo hilo linaweza kumkosoa kesho. Leo asiyeridhika na uamuzi wa Msajili hupanda kwa Bodi ya Uratibu wa mashirika haya, kisha kwa Waziri. Hapo mimi naona kuna kasoro kubwa. Ningependa uamuzi wa kufuta ukae kwa watu wasioteuliwa na wakubwa wa siku, na rufaa iende moja kwa moja mahakamani.

Tazama majirani zetu wa ziwa hili. Kenya walipitisha sheria ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, ikaanza kutumika Mei 2024 na kuleta mamlaka mpya. Miaka kumi na moja ya kusubiri! Uganda walikuwa na ofisi yao ya kusimamia mashirika chini ya sheria ya 2016, na mwaka huo huo wa 2024 wakairudisha ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Uingereza wana Tume ya Hisani tangu 1853, nayo haiko ndani ya wizara yoyote. Huo ndio uhuru ninaoutaka. Nisichokitaka ni jengo jipya Dodoma linaloishi kwa ada za vikundi vya akina mama wanaoweka hesabu zao kwenye kauntabuku.

Kabla ya hapo, hesabu zisomwe pale pesa zinaposemwa zimetumika. Shirika likisema limelisha watoto wa Ilemela, mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa na yasomwe mkutanoni. Jirani anayejua kwamba nyumba ile ilikuwa na watoto sita na siyo arobaini anakagua kuliko mtu wa Dodoma.

Sasa la kwako. Makao ya watoto hayaendeshwi kwa cheti cha NGO peke yake; Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka leseni, na hilo liko kwa Ustawi wa Jamii. Nenda halmashauri ya Ilemela, muone afisa ustawi wa jamii kwanza, kwa sababu wale watoto ni lazima ijulikane wako wapi na walikabidhiwa kwa nani. Halafu muone afisa maendeleo ya jamii. Beba jina la shirika, namba ya usajili kama iko kwenye fulana au barua yao, na ujumbe wa miamala ya simu. Usiufute hata mmoja. Nendeni wengi, kila mmoja na ujumbe wake. Wakikuta cheti ni cha kughushi au hakipo kabisa, hilo ni la polisi, na mfungue jalada siku hiyo hiyo.