Bibi anasahau sana, ni uzee au ni vidonge?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Ujiji, nakaa na bibi yangu ana miaka 74. Siku hizi anasahau mpaka naogopa, anabandika mawese jikoni anaondoka zake, anauliza nishakula wakati tumetoka kula wote, jina la mke wangu ndo kabisa, ila muulize mambo ya zamani, nani alimuoa nani hapa mtaani, anakutajia na watoto wao. Jirani anasema ni uzee tu. Usingizi ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo kila usiku anameza vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, anasema vinamlaza. Kuna dawa ya kurudisha kumbukumbu?

JIBU: Marahaba mjukuu. Kabla ya kumuongezea dawa, mi ningeanza na hiyo ya kumpunguzia.

Jirani kasema kweli nusu. Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali, na kila kemikali ina vipokezi vyake kwenye seli ya pili, sasa umri ukienda vipokezi vinapungua, vya dopamini, kemikali ya hamasa, aina ya D2 vinapungua kama asilimia 5 hadi 10 kila miaka kumi na inaanza ujanani, hata wewe umo humo. Kule hipokampasi, panapotengenezwa kumbukumbu mpya, vipokezi viitwavyo NMDA, vya kunasa mambo mapya, navyo vinachoka. Ndo maana mambo ya leo asubuhi yanampotea na ndoa za zamani anazo zote.

Ila hivyo vidonge vinanipa wasiwasi zaidi. Nahisi ni klorofeniramini, wengi mnaiita Piriton. Inazuia histamini, kemikali ya mzio inayotiririsha kamasi, sawa, lakini inakalia pia vipokezi vya asetilikolini, kemikali ya umakini na kumbukumbu, ambayo mzee hana ya akiba. We unaijua bandari ya Kibirizi, chukulia boti tupu, ndo hiyo dawa, limekuja likafunga palepale pa kushushia mzigo, lenye dagaa linabaki linaelea tu. Na kwa mzee dawa haiishi mwilini haraka, ya jana usiku mchana bado ipo. Wamarekani wana orodha ya Beers, ilianza 1991, ya dawa za kuwaepusha wazee, na hizi zimo.

Muulize taratibu: mdomo unakauka? Choo kigumu, mkojo unatoka kwa shida? Kama ndio, hayo yote huenda yanaletwa na dawa hiyohiyo. Aache hivyo vidonge, na kama anakunywa kahawa jioni apunguze, usingizi utasumbua kidogo mwanzoni, vumilieni.

Halafu mpeleke hospitali na mfuko wake wote wa dawa, hata za kuazima kwa jirani, maana amitriptilini ya ganzi na promethazini ya mzio zinafanya hivyohivyo (amitriptilini asiikate ghafla mpaka daktari aseme). Wampime sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, na wamuulize kama ana huzuni. Dawa ya kumrudisha alivyokuwa kijana haipo, anayekuuzia stendi anakula hela yako. Lakini akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, usisubiri, inaweza kuwa malaria au UTI, mpeleke siku hiyohiyo.