Jibu: Kipi kitatutikisa zaidi miaka kumi ijayo?
Mkuu, umeuliza kipi kitatutikisa zaidi miaka kumi ijayo, akili mnemba au vita. Mimi niliye huku Kigoma naanza na ziwa.

Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na chakula cha dagaa kinategemea virutubisho vilivyolala chini. Upepo wa kiangazi ndio huyakoroga maji, vikapanda. Joto la dunia likizidi, maji ya juu yanakuwa mepesi na kuelea juu ya yale ya baridi kama mafuta kwenye mchuzi, hayachanganyiki vizuri. Dagaa watakula nini? Na walaji tunaongezeka: sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wengi tulinuna (mgebuka ndio mboga yangu), lakini naunga mkono. Ila ziwa ni la nchi nne: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Mmoja akikaidi, wengine wanamfugia samaki.

Akili mnemba tutaizungumza umeme ukirudi.