Maswali ya Wasomaji: Uchakavu natoa au nisitoe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma uhasibu na fedha mwaka wa 2 hapa Mbeya, shida yangu ni maswali ya kuchambua mradi. Fomula ya NPV (hela zote za mradi zikipigwa kwa thamani ya leo, zinazoingia ukitoa zinazotoka) naijua vizuri tu lakini likija swali refu, kwenye diskasheni kila mtu ana jibu lake, huyu katoa uchakavu, yule hajatoa, mwingine katoa mpaka riba ya mkopo. Nikisoma majibu kwenye madesa naona nimeelewa, nikifunga daftari sina kitu. Testi imekaribia, nifanyeje? (Mwanafunzi, Iyunga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Wengi wanaoandika hapa wana shida hiyohiyo na nadhani chanzo chake ni kwamba mnaishika kalkuleta mapema mno. NPV yenyewe ni hesabu nyepesi sana, kazi iko kabla yake, kwenye kujua hela ipi inaingia kwenye hesabu na ipi haiingii. Kila namba ya kwenye swali iulize hivi: tukikubali huu mradi, hii hela itaingia au itatoka kweli mfukoni, na lini? Kama tukikubali au tukikataa ni vilevile, achana nayo.

Tufanye mfano wa hukuhuku. Kampuni ya Ubaruku kule Mbarali inataka mashine ya kukoboa mpunga, bei milioni 40, itafanya kazi miaka 4 halafu haina thamani tena. Kila mwaka mapato ukitoa umeme, mishahara na matengenezo inabaki milioni 22 taslimu. Kodi 30%, gharama ya mtaji (asilimia wanayotaka kwa mwaka waliotoa hela) 15%. Mwanzoni inahitajika milioni 5 ya kuzungusha (kununulia mpunga, magunia) ambayo itarudi yote mwisho wa mwaka wa 4. Na fundi alishalipwa milioni 2 za kupima eneo.

Uchakavu, yaani thamani ya mashine inayopungua kila mwaka, ni 40 gawanya kwa 4, milioni 10 kwa mwaka, tuchukulie unakubalika hivyohivyo kwenye kodi ili tusijichoshe, ingawa sheria ya kodi ina viwango vyake. Sasa sikiliza hapa maana ndo panapowagombanisha: uchakavu hakuna mtu anayelipwa, ila unapunguza kodi, kwa hiyo unautoa ili upate kodi tu halafu unaurudisha. 22 toa 10 inabaki 12, kodi yake 30% ni milioni 3.6, hela inayobaki mkononi ni 22 toa 3.6, yaani milioni 18.4. Aliyeutoa akasahau kuurudisha anabaki na 8.4, na ukimfuatilia mpaka mwisho mradi wake unaonyesha hasara kubwa wakati ni mradi mzuri, kwa hiyo sio kosa la kupoteza maksi 2, linageuza uamuzi mzima.

Riba usiitoe. Ile 15% tayari ina malipo ya mwenye mkopo na ya mwenye hisa ndani yake, ukiitoa tena juu umemlipa benki mara mbili. Milioni 2 za fundi zimeshakwenda, mradi ukikubaliwa au ukikataliwa hazirudi, ziache. Lakini kama banda la kuweka mashine sasa hivi mnalipangisha, lile pango mtakalokosa ni gharama ya mradi japo hakuna risiti yake, na hapa hata wanafunzi wazuri wanateleza.

Basi malizia. Jumla ya vigawo vya 15% (vya kugeuza hela ya kila mwaka kuwa thamani ya leo) kwa miaka 4 ni 2.855, zidisha na 18.4 unapata kama milioni 52.53. Ile milioni 5 ya mwisho ina thamani ya milioni 2.86 leo. Jumlisha, toa 45 za mwanzo, NPV ni kama milioni 10.4. Wakubali.

Ila usiishie hapo, jiulize mpunga ukiwa mbaya itakuwaje. Ukirudi nyuma kuanzia NPV ya sifuri utaona ile milioni 22 inaweza kushuka mpaka karibu 16.8 kabla mradi haujaanza kula mtaji, yaani karibu robo nzima. Mtu anayeweza kusema hivyo kaelewa mradi, sio fomula tu. Na hii njia ndo dawa ya madesa: swali moja lifanye kwenye karatasi tupu, desa limefungwa, chora mstari wa miaka kuanzia mwaka 0, weka kila hela mahali pake, ndo ufungue uone mlipoachana. Halafu badilisha namba moja ulirudie. Maswali matatu namna hii nayaamini kuliko pasti pepa ishirini za kusoma kwa macho, na kwenye diskasheni linganisheni mistari yenu ya miaka kwanza, majibu baadaye.

SWALI: Mwalimu, IRR (ile asilimia ya faida inayofanya NPV iwe sifuri) inasema mradi mdogo, NPV inasema mkubwa, nimsikilize nani? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Kama unaruhusiwa kuchukua mmoja tu, sikiliza NPV. Chukua wa kuweka milioni 1 ukapata 1.5 baada ya mwaka, IRR yake 50%, na wa kuweka milioni 10 ukapata 13, IRR yake 30%. Kwa 15% wa kwanza unakuongezea kama laki 3, wa pili kama milioni 1.3. Asilimia haikuambii ni asilimia ya shilingi ngapi. Kama miradi haigombanii kitu na hela ipo, chukua yote miwili, hapo IRR na NPV hazina ugomvi. Na mradi ambao hela inatoka, inaingia, halafu inatoka tena mwishoni, mfano kufukia machimbo, unaweza ukakupa IRR mbili, ukikutana nao kwenye mtihani fanya NPV na ueleze kwa nini umeiacha IRR.