Fundi Anajibu: Herufi zinaruka kila mteja akileta flashi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo, nachapa barua, CV na fomu za mikopo ya wanafunzi. Waya za kibodi na mausi zilikuwa zinanasa kwenye printa, nikanunua seti isiyotumia waya. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Siku hizi nikichapa "Mheshimiwa" inatokea "Mheshmwa", na mausi inaganda kisha inaruka upande wa pili wa skrini. Mteja akichomeka flashi ndiyo balaa. Nimebadilisha betri, wapi! Muuzaji anasema seti imekufa, ninunue nyingine.
Mchapaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hela iache mfukoni kwanza. Ugonjwa umeutaja mwenyewe: flashi.

Kile kidude cha USB kilichokuja na seti ndicho kinachopokea kutoka kwenye kibodi na mausi, kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Sasa, tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu, likipitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa hayohayo. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012. CPU nyingi zina matundu mawili mbele, yamebanana. Nabashiri moja lina kidude chako, na jirani yake ndipo wateja wanapochomeka flashi.

Ukikihamishia nyuma utapunguza kelele, ila bati la CPU litakizibia. Tafuta waya wa kurefushia USB, uuchomeke nyuma kwenye tundu jeusi, kidude ukilete mezani karibu na kibodi. Najua, umekimbia waya nami nakurudishia waya! Lakini huu unatulia mahali pamoja, hausumbui printa.

Betri mpya usizichanganye na kuukuu. Kama meza yako ni ya kioo, tandika karatasi ngumu chini ya mausi.

Kidude chenyewe kitunze. Kwa seti nyingi za bei nafuu, kikipotea hicho, kibodi na mausi vyote vinabaki mapambo. Cha seti nyingine hakivitambui. Ukikichomoa, angalia kwenye nafasi ya betri ya mausi, mara nyingi pana kijishimo cha kukihifadhi.

Hukuuliza, ila unachapa namba za NIDA za watu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kuwa kibodi kadhaa za bei nafuu zilikuwa zikirusha herufi bila kuzificha, mtu aliye jirani mwenye kifaa akaweza kuzisoma. Kibodi yako ya zamani yenye waya usiigawe. Mimi nywila ya benki naichapa kwa yenye waya tu.

Ukishahamisha kidude na herufi bado zinaruka, ipeleke seti ukaijaribu kwenye kompyuta ya jirani, pasipo flashi. Ikiruka na huko, muuzaji alisema kweli. Rudi kwake na risiti, umuulize habari za warantii kabla hujatoa hela ya seti nyingine.